Kopo Lisilolia

Pf.

Ndivyo kopo lile lilivyosema lilipowekwa juu ya meza, na mpaka leo mlio huo mdogo haujamtoka masikioni. Kopo lililojaa marhamu husema tup, kama mtu mnene anayeketi. Kopo tupu hulia ting. Yeye, nyuma ya pazia la duka lake, mkono ukiwa kwenye mwiko, alizoea kuijua biashara kwa milio hiyo miwili bila kuchungulia. Pf hakuwahi kuisikia. Alijua mara moja ni kopo gani, na hakutoka.

Mtaani wanamwita Mama Kofia. Kofia yenyewe ni pana kama sinia, na huivaa hata ndani ya duka, kwa sababu dirisha linatazama barabara na jua la saa nne huingia bila kupiga hodi.

"Wewe hata kuoga unaoga nayo?" wateja humtania.

"Nitaivuaje, na nywele zangu zimo humo?" huwajibu, nao hucheka, na hapo swali huishia.

Zamani hakuwa na kofia wala duka. Aliuza vitambaa kwenye meza ya kando ya barabara, jua la utosini, sauti yake ikivuka hadi upande wa pili kuwavuta wapita njia kwa masikio. Ugonjwa ulimwanza kwenye vidole. Akawa anaamka vimekakamaa, mkasi haushikiki, hata kifungo cha gauni akamwomba mumewe amfungie. Kisha ukapanda usoni. Doa la zambarau lilikaa juu ya pua, likatandaza mbawa zake kwenye mashavu yote mawili, kama kipepeo aliyetua mahali akapapenda, akakataa kuruka.

"Kajichubua huyo," walisema wanawake wa meza za jirani, bila hata kujisumbua kushusha sauti. "Katafuta weupe, kapata moshi."

"Hizo krimu bwana. Zinaanza na wewe kwa heshima, zinakumaliza kwa dharau."

Mtu ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kujipaka kitu zaidi ya mafuta ya nazi. Aliendelea kukunja vitambaa vyake. Jina la ugonjwa alikuwa hajapewa bado.

Alipewa na daktari mmoja mwanamke, mwenye miwani mizito na subira ndefu. Lupus, alisema. Kinga ya mwili, ile inayopigana na maradhi, imemsahau adui yake ni nani, sasa inampiga mwenye mwili. Akamwandikia vidonge vya kila siku. Akamkataza jua.

"Hauponi kabisa," alimwambia. "Lakini mtu anaishi nao miaka na miaka, akiutii."

"Kama mume," alisema Mama Kofia.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Aliporudisha miwani usoni, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Ukiacha vidonge, ugonjwa utaingia kwenye figo. Na figo hazipigi kelele, mama. Zinanyamaza tu. Utaona miguu imevimba, mkojo una povu, na hapo tunaanza kukimbizana."

Vidonge viliutuliza mwili. Vidole vikakubali tena mkasi. Lakini ngozi iliendelea kuungua kama iliyopitishiwa upupu, na kila sabuni iliiongezea kuni. Ndipo alipoingia jikoni. Alianza na oti, zile za uji: alizifunga kwenye kitambaa laini, akazikamua kwenye maji vuguvugu mpaka yakawa meupe yenye mtelezo, akanawa kwayo polepole. Kisha majani ya mshubiri. Alijifunza kuyasimamisha kwanza yatoe ule utomvu wa njano unaowasha, ndipo achukue nyama yake safi na kuiweka kwenye friji. Mumewe ni fundi wa mafriji, kwa hiyo nyumba yao haijawahi kukosa friji, ingawa kila mara huwa ni la mtu mwingine. Ubaridi ule ukigusa shavu, alikuwa akifumba macho na kusikia moto ukirudi nyuma hatua moja.

Marhamu ilikuja mwisho. Siagi ya shea, mafuta ya nazi, na subira. Hakutia manukato. Ndimu alizipiga marufuku kabisa, maana ganda la ndimu juu ya ngozi likikutana na jua hubabua. Kila sufuria mpya aliijaribu kwanza kwake mwenyewe: tone moja ndani ya kiwiko, akalala nalo, akaamka nalo, akalitazama kama mama anavyotazama paji la mtoto mwenye homa. Kiwiko kikikubali, ndipo uso.

Kidogo kidogo magamba yakaondoka. Kipepeo akafifia, akabaki kivuli cha mbawa ambacho mtu asiyejua hakioni.

"Endelea nayo," daktari alisema, akigeuza uso wake kwenye mwanga. "Inakupa raha, na raha nayo ina kazi yake. Ila vidonge ni vidonge."

Mpaka hapo hakuna lililoharibika. Jambo liliharibika lilipopata mdomo.

Mdomo ulikuwa wa wifi yake, dada mdogo wa mume, aliyerudi kuishi kwao baada ya ndoa yake kuvunjika. Mwanamke mwema, mikono haijui kutulia, na ulimi hauna breki. Ni yeye aliyesema marhamu isigawiwe majirani bure bali ifunguliwe duka. Ni yeye aliyepata chumba kile kidogo chenye pazia katikati, mbele meza na benchi la wateja, nyuma jiko na rafu. Na ni yeye aliyesimama mlangoni siku ya kwanza akinadi:

"Mtazameni wifi yangu! Mliuona uso huu zamani? Ulikuwa kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Leo je? Majani matupu, jamani! Hata kidonge kimoja hajatia kinywani!"

Wifi hakuwa akidanganya. Hakujua. Vidonge vilikuwa siri ya mke na mume, tangu mama mkwe, wakati wa uhai wake, aliposema mezani watu wote wakisikia kwamba nyumba yake haikulelewa kuoa wagonjwa. Siku ile ya kwanza, nyuma ya pazia, Mama Kofia alifungua kinywa amsahihishe wifi yake. Mbele kulikuwa na wateja, walikuwa wanacheka, mmoja alikuwa tayari ameshika kopo. Akakifunga kinywa. Mara ya kwanza kunyamaza kulifanana na kusahau. Mara ya pili kulikuwa rahisi. Baada ya hapo wateja wakaja kutoka mitaa ya mbali kuutazama uso wake, na kunyamaza kukawa nusu ya biashara.

Chumba cha kulala kilipokuwa hakina siri tena, kwa kuwa Wifi alifagia mpaka chini ya kitanda, alihamishia vidonge dukani. Alivitia ndani ya kopo la marhamu la ukubwa wa kati, sawasawa na makopo mengine yote, akavizungushia pamba visilie, akaliweka rafu ya juu kabisa. Kila asubuhi, akishawasha jiko, alinyoosha mkono, akameza, akarudisha kopo, akaitikia salamu za Wifi aliyekuwa akifungua mlango wa mbele.

Asubuhi ile alikuwa ameshameza. Alikuwa akikoroga. Siagi ya shea ina tabia zake: ikianza kupoa lazima uizungushe pasipo kuiacha, la sivyo inaganda chembechembe kama mchanga, na mchanga kwa ngozi ya lupus ni msasa. Alikuwa ameipa rafu mgongo, macho kwenye sufuria, aliposikia mlango.

"Karibu, mwalimu! Leo unang'aa mpaka nataka kuvaa miwani ya jua."

"Acha hizo, dada. Nimechelewa kazini. Nipe kopo jingine, lile limekwisha."

Mama Kofia aliijua sauti. Mwalimu wa chekechea, mwanamke mdogo wa shela refu, ambaye mara ya kwanza alipofika aliutazama uso wake kwa namna ambayo watu wazima hawatazami, kama mtoto anavyotazama keki dirishani. Naye alikuwa na kipepeo. Siku ile aliuliza taratibu, "Kweli hukumeza kitu?" na Wifi akajibu kabla mwenye uso hajajibu.

"Uso unasemaje?" Wifi aliuliza.

"Uso hauna neno. Watoto hawaniiti tena Mwalimu Madoadoa."

"Wana adabu hao? Na zile dawa zako za hospitali?"

"Nilizimwaga chooni mwezi jana, nikavuta maji. Nilisema, kama Mama Kofia aliweza, mimi nina nini?" Sauti ilikuwa na furaha. "Miguu ndiyo inanivimbavimba. Viatu vinabana. Nadhani ni kusimama sana."

"Ni kusimama! Watoto wa watu watakuua. Paka na miguuni."

Mwiko wa Mama Kofia ulisimama. Miguu. Aliona miwani ya daktari ikirudi usoni. Alijua kwamba inabidi atoke, sasa hivi, pazia lile la kitambaa si ukuta. Lakini siagi ilikuwa inapoa. Mkono ukaanza kuzunguka tena wenyewe.

"Ya kati yamekwisha huku mbele. Ngoja."

Alisikia pazia likisogezwa pembeni, vidole vya Wifi vikipapasa rafu nyuma yake, pazia likirudi. Kisha meza.

Pf.

Angeweza kupiga ukelele. Ingekuwa neno moja tu, "Siyo hilo." Lakini kulidai kopo ni kulifungua, na kulifungua ni kuwafungulia wote. Alikoroga. Alisikia kwaheri, alisikia mlango, alisikia hatua nzito za mtu ambaye viatu vinambana zikiondoka. Alikoroga mpaka marhamu ikawa nyeupe na laini kuliko yoyote aliyowahi kupika maishani, na alipoitazama alitamani kuimwaga.

Ilipofika karibu na adhuhuri ndipo alipotoka nyuma ya pazia.

"Yule mwalimu anafundisha wapi?"

"Pale kwenye ukuta wa kijani, nyuma ya soko. Kwani?" Wifi alimkazia macho. "Mbona umekauka hivyo? Kuna nini?"

"Lile kopo la rafu ya juu halikuwa la kuuza."

"Lina nini?"

"Halijajaribiwa."

"Hee! Basi atarudi mwenyewe likimwasha. Unavaa glavu unakwenda wapi? Wifi! Na jua hili? Utakufa njiani kwa ajili ya kopo?"

Alikuwa ameshachukua mwavuli.

Hakuwa ametembea saa kama ile kwa miaka. Jua lilikuwa limekaa katikati ya mbingu na hakuna ukuta uliokuwa na kivuli cha kumtosha mtu. Alitembea amejibana kwenye kuta, mikono mirefu, glavu, kofia, mwavuli juu ya kofia, na bado joto lilipanda kutoka chini, kwenye lami, likamfikia kidevuni. Wapita njia walimgeukia. Hakuwa na wasiwasi wa vidonge vyake. Hospitali angepewa vingine. Alikuwa akiiona miguu ya mtu mwingine. Mwezi mzima. Mwezi mzima figo zimenyamaza, na yeye pia.

Kwenye ukuta wa kijani watoto walikuwa wamelala kwenye mikeka. Mpishi alimfungulia geti, peku, akijifuta mikono.

"Mwalimu ameondoka. Viatu vimemkataa kabisa, nimempa ndala zangu, tazama nilivyobaki." Alicheka, kisha akaacha. "Mtu mzima mguu umefura kama andazi, yeye anasema ni kusimama. Ni ndugu yako?"

"Amekwenda nyumbani?"

"Hapana. Wakati wa mapumziko alifungua kopo moja hivi, akalikodolea macho muda mrefu. Akasema anarudi duka la marhamu, ana swali."

Mama Kofia alimshukuru. Kwenye kona ya soko njia inagawanyika: kushoto ni nyumbani kwake, kulia ni dukani. Alisimama chini ya kibanda cha fundi viatu, akijidai anapumzika. Nyumbani kulikuwa na chumba chenye giza na mshubiri baridi ndani ya friji la mtu. Wifi angejua la kusema. Wifi hajawahi kukosa la kusema. Mashavu yalikuwa yanamwaka sasa, alihisi zile mbawa zikijikunjua moja moja. Mwalimu angejibiwa, angeamini au asingeamini, angekwenda zake na ndala za mpishi.

"Mama, unashonesha au unapita?" fundi viatu aliuliza.

"Napita," alisema, akashika njia ya kulia.

Duka lilikuwa limejaa. Muuza mayai, mke wa kinyozi, na wawili wa kutoka mbali waliokuja kuuona uso. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi, kopo wazi mapajani, pamba imetawanyika juu ya sketi yake, na Wifi alikuwa akiongea mbio kuliko siku zote.

"Nimekwambia ni vya mtu! Mteja kasahau, vitarudi kwa mwenyewe."

"Mteja kasahau ndani ya kopo lenu, kwenye rafu yenu, kisha akavifunika pamba visipigwe na baridi?"

"Labda ni pipi," alisema muuza mayai. "Nyongeza ya mteja mzuri. Mbona mimi sijawahi kupewa?"

Walicheka. Mwalimu hakucheka. Alichukua kidonge kimoja kwa ncha za vidole, akakiinua.

"Mimi hivi navijua. Hiki chenye mstari katikati, na hivi vingine vyeupe vya duara. Nilivimeza miaka. Siwezi kuvifananisha." Alikigeuza kwenye mwanga. "Nauliza tu ni vya nani. Si ugomvi. Ni vya nani?"

Ndipo Wifi alipomwona mlangoni, mwavuli mkononi.

"Huyu hapa mwenyewe! Wifi, hebu waambie hawa. Waambie, maana naona leo nageuzwa mwongo dukani mwangu."

Mama Kofia alitazama macho ya wifi yake, akitafuta humo ombi la kusaidiwa uongo. Halikuwamo. Yalikuwa macho ya mtu anayeamini, wazi kabisa, yanayongoja tu kuthibitishwa. Hilo lilimkata maini kuliko kama angekonyezwa.

Alifunga mwavuli. Alivua glavu, moja, ya pili, akaziweka juu ya meza. Kisha akavua kofia.

Hakuna mteja aliyewahi kumwona bila kofia. Nywele zilikuwa chache kuliko walivyodhani. Na usoni, kwa sababu ya jua la adhuhuri, kipepeo alikuwa amerudi mzima, mbawa zote mbili, zambarau na moto, kutoka shavu hadi shavu. Muuza mayai alishika mdomo. Wale wawili wa kutoka mbali walitazamana.

"Wifi," alisema Wifi, polepole kwa mara ya kwanza. "Umekuwaje?"

Hakumjibu. Alikwenda kwenye benchi, akaketi kando ya mwalimu, karibu kama watu wa familia wanavyoketi. Akainama, akausogeza upindo wa sketi, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu uliokuwa umejaa ndani ya ndala kubwa. Akahesabu moyoni. Akainua kidole.

Kishimo kilibaki. Wote wawili walikitazama, kidogo, cha mviringo, kinakataa kujaa.

"Mkojo una povu?"

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga.

Mama Kofia alikiokota kile kidonge kutoka kwenye vidole vyake, akakirudisha ndani ya kopo pamoja na pamba, na akalishika kopo kwa mikono miwili juu ya mapaja ya mwenzake. Alisogeza kinywa kwenye shela la mwalimu, na kwa sauti ambayo hata muuza mayai, aliyeinama mbele, hakuidaka yote, alisema:

"Ni vyangu, mdogo wangu. Hata leo asubuhi nilimeza. Inuka, twende hospitali."